SOMO: HERUFI ZA LAPTOPU ZISOMWE NA KILA MWANACHAMA

Ndugu na dada wa vikundi, somo la safari hii ni la kompyuta, lakini msiruke ukurasa. Vikundi vingi siku hizi vina laptopu. Nyingine zimetoka kwa watoto wetu walio mjini, nyingine zilinunuliwa kuukuu kwa pesa za meri-go-raundi, nyingine zililetwa na marafiki. Kwa sababu ni za zamani na nguvu zake ni kidogo, mafundi wengi huweka ndani yake Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao unapatikana bila kulipa na ambao mtu anaruhusiwa kumpa jirani yake nakala bila kuvunja sheria. Hiyo ni sawa kabisa. Shida huja siku laptopu inapowaka, na badala ya madirisha na picha inaonyesha maandishi matupu, meupe juu ya kioo cheusi, tena madogo kama sisimizi.

Hapo ndipo jambo baya huanza polepole. Mama mweka hazina anainama, anavua miwani, anavaa tena, kisha anasema, "Wacha kijana asome." Kijana anasoma. Juma linalofuata anasoma tena. Baada ya miezi mitatu hesabu ya kikundi inajulikana na mtu mmoja tu. Hajaiba chochote, ni vile yeye peke yake ndiye mwenye macho ya kuiona. Mwenyekiti anatia sahihi kitu ambacho hakukisoma. Wakaguzi wanatajiwa jumla bila kuiona. Halafu siku pesa zikipungua, hata kama ni shilingi mia mbili, kijana mwaminifu hana wa kumtetea, maana hakuna mwingine aliyeona. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya ukubwa wa herufi tunazungumza juu ya vitabu vya kikundi, na pia juu ya jina jema la huyo kijana.

Watu wengi wakishapita miaka arobaini macho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Miwani ya kusomea husaidia, na mwenye shida aende akapimwe. Lakini hata mwenye miwani nzuri hana haja ya kuteswa na herufi ambazo zingeweza kukuzwa kwa dakika kumi za kazi.

Skrini ya maandishi ni nini

Kabla kompyuta hazijajua picha, zilizungumza na mtu kwa maandishi tu. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza kule Finland mwaka 1991, bado inaiweka skrini hiyo chini ya madirisha yake, kama sakafu iliyo chini ya mkeka. Mafundi huiita konsoli. Mkiwa kwenye madirisha mnaifikia kwa kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Katika laptopu nyingine lazima mwongeze na kitufe cha Fn. Kurudi kwenye madirisha jaribuni Ctrl, Alt na F1, au F2, au F7, kwa kuwa kila aina ya Linux ina desturi yake.

Kuna sababu mbili za kuijua konsoli. Laptopu yenye kumbukumbu ndogo inaweza kufanya kazi ya vitabu kwenye konsoli peke yake, bila kulemewa na madirisha. Na madirisha yakikataa kufunguka, konsoli ndiyo mlango wa nyuma wa kuingilia ili kutengeneza. Wengine husema ati kioo cheusi kinaokoa betri ya sola. Katika laptopu nyingi kuukuu sivyo: taa iliyo nyuma ya kioo inawaka vilevile, kioo kiwe cheusi au cheupe. Mkitaka kuokoa betri punguzeni mwangaza.

Shamba la nukta

Kioo cha laptopu hakifanani na ile televisheni ya zamani yenye mgongo. Kimegawanywa kwa nukta ndogo ndogo ambazo hesabu yake haibadiliki, kama shamba ambalo mashimo yamekwisha kuchimbwa. Laptopu kuukuu za kawaida zina nukta 1024 kwa upana na 768 kwa kimo, au 1366 kwa 768. Nyingine zina 1920 kwa 1080, na kioo ni kilekile cha inchi 14. Nukta zimeongezeka na kioo hakikuongezeka, basi kila nukta imekuwa ndogo zaidi.

Konsoli nayo hupanda herufi zake katika shamba hilo. Kwa kawaida kila herufi hupewa nukta 8 kwa upana na 16 kwa kimo. Fanyeni hesabu. Upana wa 1366 ukigawanywa kwa 8 unapata herufi 170 kwa mstari mmoja. Kimo cha 768 kikigawanywa kwa 16 unapata mistari 48. Nani atafuata mstari wa herufi 170 kutoka jina la mwanachama mpaka deni lake bila kuteleza akasoma deni la mwingine? Kwenye kioo cha 1920 kwa 1080 mambo ni mabaya zaidi: herufi 240 kwa mstari, mistari 67, na kila mstari una kimo cha karibu milimita mbili na nusu tu.

Waliotangulia hawakubanana hivyo. Kadi za kutoboa ambazo IBM ilizitoa mwaka 1928 zilikuwa na nafasi 80, na hesabu hiyo ikarithiwa na mashini zilizofuata. Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 iliweza kuonyesha herufi 80 kwa mstari na mistari 25, na watu walifanya nayo kazi za ofisi mchana kutwa. Sasa chukueni herufi yenye nukta 16 kwa 32. Upana wa 1366 ukigawanywa kwa 16 ni 85. Kimo cha 768 kikigawanywa kwa 32 ni 24. Kumbe mmerudi karibu palepale pa zamani! Hiyo ndiyo shabaha yetu.

Tazameni kwanza ugonjwa ni upi

Tumeona watu wakikimbilia dawa kabla ya kutazama. Kuna magonjwa matatu yanayofanana kwa mbali, na dawa ya mmoja haiponyi mwingine. Wa kwanza, maandishi yanajaza kioo chote kutoka ukingo hadi ukingo, lakini ni madogo mno. Wa pili, maandishi yamekaa katikati ya kioo kama picha ndani ya fremu, na pande zote nne kuna weusi usiotumika. Wa tatu, maandishi yamejikusanya kwenye kona ya juu kushoto, na sehemu ya kulia au ya chini imebaki tupu.

Ingieni kwenye konsoli kwa jina na neno la siri. Mmoja aandike kwa kibodi, mwingine amsomee kutoka ukurasa huu, wa tatu aandike kwenye daftari kila kilichofanyika. Andikeni:

stty size

kisha Enter. Zitatoka namba mbili. Ya kwanza ni mistari, ya pili ni herufi kwa kila mstari. Mkiona 48 170, mnajua sasa maana yake. Halafu:

cat /sys/class/graphics/fb0/virtual_size

Hii inawaambia nukta ambazo konsoli inazitumia, kwa mfano 1366,768. Ikiwa kompyuta itajibu kwamba hakuna faili kama hilo, basi konsoli yenu inatumia njia ya kale ya VGA, na huenda mna ugonjwa wa pili. Andikeni majibu yote mawili kwenye daftari kabla ya kugusa kitu kingine.

Herufi ndogo zilizojaa kioo chote

Huu ndio ugonjwa wa wengi, na ndio rahisi kuponya. Nukta msiziguse. Badilisheni herufi, yaani fonti. Maagizo yafuatayo ni ya Debian na ndugu zake kama Ubuntu na Linux Mint, ambazo ndizo tunazoziona zaidi vijijini.

Jaribuni kwanza kwa muda tu:

sudo setfont Lat15-TerminusBold32x16

Itaomba neno la siri. Mkiandika neno hilo huenda msione chochote kikitokea kwenye kioo, hata nyota. Msishtuke, ni kwa usalama. Mkibonyeza Enter herufi zinakuwa kubwa papo hapo. Terminus ni fonti iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaokaa mbele ya kioo saa nyingi, na neno Bold ni kwa zile nene. Angalieni kwamba katika jina hili kimo kimetangulia: 32 kisha 16. Mahali pengine mtakuta 16x32. Ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa kupinduliwa, na wengi wamepoteza asubuhi nzima hapo.

Agizo hili linakubali kwenye konsoli tu. Mkiliandika ndani ya dirisha litakataa. Na kompyuta ikizimwa, herufi zinarudi kuwa ndogo. Hiyo ni faida, maana kama mmekosea hakuna kilichoharibika.

Sasa kabla ya kuifanya ya kudumu, simameni kidogo. Mwiteni mama mweka hazina, mzee mwenyekiti na mkaguzi mmoja. Kila mtu akae mahali anapokaa siku zote, umbali wa mkono ulionyooka, asome mistari mitatu ya hesabu kwa sauti. Kijana aliyezoea asijibu kwa niaba yao. Ikiwa 32 ni kubwa kupita kiasi, jaribuni Lat15-TerminusBold28x14 au Lat15-TerminusBold24x12. Ikiwa mmoja wao hawezi, chukueni ile inayomfaa huyo. Tunajua vijana watanung'unika kwamba mistari imepungua. Wanung'unike.

Mkishakubaliana:

sudo dpkg-reconfigure console-setup

Maswali yatakuja kwa Kiingereza, moja baada ya jingine. Tumieni vitufe vya mishale kupanda na kushuka, Tab kuhamia kwenye Ok, kisha Enter. Swali la kwanza chagueni UTF-8. La pili linahusu seti ya herufi. Latin1 inatosha kwa Kiswahili na Kiingereza. La tatu ni fonti: TerminusBold. La mwisho ni ukubwa: 16x32, au ule mliokubaliana. Majibu yenu yatahifadhiwa katika faili liitwalo /etc/default/console-setup, na mnaweza kuyasoma humo:

cat /etc/default/console-setup

Mtaona FONTFACE="TerminusBold" na FONTSIZE="16x32". Zimeni kompyuta, muiwashe tena. Ikiwa herufi zitaanza kubwa kisha zikarudi ndogo kabla hamjaingia, sababu ni kwamba kioo kiliamshwa upya baada ya fonti kuwekwa. Andikeni sudo setupcon nazo zitakuja. Kisha andikeni sudo update-initramfs -u ili mpangilio uingie mapema wakati wa kuwaka, mjaribu tena.

Jambo moja la pembeni, lakini ni la heshima. Fonti ya konsoli hubeba maumbo 256 au 512 tu, basi si kila herufi ya dunia imo. Zile ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba hazimo katika Latin1. Mkiona kisanduku mahali pa herufi hizo, msiandike jina la mtu nusunusu. Orodha ya wanachama ifanyieni kwenye madirisha, na konsoli ibaki na namba.

Wenye Fedora hawatakuta dpkg. Wao waweke kifurushi cha terminus-fonts-console, kisha katika faili la /etc/vconsole.conf waandike FONT=ter-132n. Mengine yote ya somo hili juu ya herufi na nukta ni yaleyale.

Maandishi yaliyokaa katikati

Ugonjwa wa pili una historia. Njia ya maandishi ya VGA, ambayo IBM iliitoa mwaka 1987, hutumia nukta 720 kwa 400. Weka picha ya 720 kwa 400 ndani ya kioo cha 1024 kwa 768 bila kuivuta, na utabaki na weusi wa nukta 152 kulia na kushoto, na 184 juu na chini. Laptopu haijaharibika. Haikuambiwa kunyoosha tu.

Dawa ya kwanza haina hata agizo moja. Tafuteni kwenye kibodi kitufe cha rangi nyingine chenye alama ya kioo au mishale inayopanuka. Katika ThinkPad nyingi za zamani ni Fn na F8 kwa pamoja. Laptopu nyingine zina mpangilio huo ndani ya BIOS, ile skrini ya bluu au kijivu inayofunguliwa kwa F2, Delete au Esc mara tu mashini inapowashwa. Tafuteni neno lenye maana ya kupanua kioo. Herufi zikinyooshwa hivi huwa na ukungu kidogo, kama sweta lililovutwa, lakini zinasomeka.

Dawa iliyo bora ni kuiondoa konsoli kwenye VGA na kuiweka kwenye nukta halisi za kioo. Tangu mwaka 2009, Linux yenyewe imekuwa ikiweza kuamsha kioo kwa kipimo chake sahihi, kwanza kwa mashini zenye picha za Intel, baadaye na nyingine. Basi kama laptopu yenu bado imekaa kwenye VGA, mara nyingi kuna kitu kinachoizuia. Tazameni:

cat /proc/cmdline

Mkiona neno nomodeset, mmempata mzuiaji. Mafundi hulitia neno hilo wakati wa kuweka Linux kwa sababu kioo kilikuwa kinabaki cheusi, kisha wanasahau kulitoa. Msilifute kwa haraka, maana huenda lilitiwa kwa sababu ya kweli. Jaribuni kwa safari moja kwanza. Zimeni na kuwasha. Shikilieni Shift, au kwa mashini mpya kidogo gongeni Esc mara moja, mpaka orodha ya GRUB itokee. GRUB ndiyo programu ndogo inayoamsha Linux. Bonyezeni e. Shukeni mpaka mstari unaoanza na neno linux, futeni nomodeset, kisha bonyezeni Ctrl na X. Mlichokibadilisha hapo kinadumu mara hii moja tu. Kioo kikiwa cheusi, mnazima na kuwasha na mambo yanarudi yalivyokuwa. Njia hii ya kujaribu kwa safari moja ni nzuri kuliko zote tunazozijua kwa kazi hii, na fundi anayeikataa kwa kusema yeye ana hakika, mwangalieni vizuri.

Ikiwa jaribio limefaulu, ndipo mwandike la kudumu. Hifadhini kwanza nakala ya zamani:

sudo cp /etc/default/grub /root/grub.zamani

sudo nano /etc/default/grub

Katika mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT toeni neno nomodeset na kuacha alama za kunukuu mahali pake. Ctrl na O huhifadhi, Enter hukubali, Ctrl na X hutoka. Mwisho:

sudo update-grub

Bila agizo hili la mwisho hakuna kitakachobadilika, hata mkihariri faili mara kumi. Baada ya kioo kupata nukta zake zote, herufi zitajaza kioo lakini zitakuwa ndogo, yaani mmetoka ugonjwa wa pili mkaingia wa kwanza. Rudini kwenye fonti. Kwenye VGA hamkuweza kutumia 16x32, kwa kuwa njia ile haipokei herufi pana zaidi ya nukta 9.

Kwa laptopu ambayo haina draiva inayofaa, kuna njia ya kati. Katika faili lilelile la grub andikeni mistari hii miwili, kwa kipimo cha kioo chenu:

GRUB_GFXMODE=1024x768
GRUB_GFXPAYLOAD_LINUX=keep

kisha update-grub. Pengine mzee fulani wa kompyuta atawaambia mwandike vga=791. Hakukosea; ndivyo ilivyofanywa miaka mingi. Namba 791 ni 1024 kwa 768, 788 ni 800 kwa 600, 785 ni 640 kwa 480. Kwenye mashini za zamani za BIOS bado inaweza kufanya kazi, na GRUB itaonya tu kwamba njia hiyo imezeeka. Kwenye mashini za UEFI, au pale Linux inapoamsha kioo yenyewe, namba hizo hazisaidii. Na msiombe nukta nyingi kuliko zilizomo katika kioo. Shamba la mashimo 768 halipandwi mbegu 1080.

Mashini zenye picha za AMD zina kisa chao: bila faili za ziada ziitwazo firmware-amd-graphics, kioo hukwama kwenye kipimo cha chini. Debian 12 ya mwaka 2023 ilianza kubeba faili za namna hiyo ndani ya diski yake ya kuweka. Waliowekewa Debian ya kabla ya hapo wamuulize fundi kama alizitia.

Maandishi yaliyojikusanya kona

Ugonjwa wa tatu hutokea Linux inapodhani kuna vioo viwili. Ikiwa projekta ya shule imechomekwa kwa waya wakati wa kuwasha, konsoli itatafuta kipimo kinachotosha vioo vyote viwili, na kile kidogo ndicho kitakachoshinda. Kioo kikubwa kitatumia sehemu tu. Chomoeni waya, washeni upya, na mambo yameisha.

Lakini kuna laptopu zinazoona televisheni ambayo haipo. Tundu la zamani la televisheni linatoa habari ya uongo, na mashini inaamini. Ulizeni hivi:

grep . /sys/class/drm/*/status

Itatoka orodha ya matundu yote. LVDS au eDP ni kioo cha laptopu yenyewe. VGA, HDMI na DP ni ya nje. SVIDEO ni ya televisheni. Ikiwa hamjachomeka kitu, ni kioo cha laptopu tu kinachofaa kuandikwa connected. Mkikuta SVIDEO-1 nayo imeandikwa hivyo, hiyo ndiyo mizimwi yenu. Kwenye GRUB, kwa ile njia ya kubonyeza e, ongezeni mwisho wa mstari wa linux:

video=SVIDEO-1:d

Herufi d inafunga tundu hilo. Ikifaulu, itieni ndani ya alama za kunukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT kama tulivyofanya juu, pamoja na update-grub. Jina liandikwe vilevile lilivyo kwenye orodha, bila ile sehemu ya mbele ya card0. Na msifunge LVDS au eDP kwa bahati mbaya, la sivyo mtakaa mbele ya giza.

Karatasi ya laptopu

Kazi ikiisha, yule wa daftari aandike upya kwa mkono safi kwenye karatasi moja: kipimo cha kioo, jibu la stty size kabla na baada, fonti iliyochaguliwa na majina ya waliokaa wakaisoma, na kila neno lililotolewa au kuongezwa kwenye faili la grub. Aandike pia kwamba nakala ya zamani iko /root/grub.zamani, na jinsi ya kuirudisha:

sudo cp /root/grub.zamani /etc/default/grub

sudo update-grub

Siku kijana akienda kutafuta kazi mjini, atakayemfuata hataanza kubahatisha. Gundini karatasi moja ndani ya kifuniko cha mfuko wa laptopu, na nakala yake ikae kwa katibu pamoja na vitabu vya benki.